Vyombo vya msiba

Aliyetaka kumjua bibi yangu angemwangalia msibani, watu wakishakula. Wenzake wakirudi jamvini, yeye anavuta kigoda mpaka kwenye karai la vyombo vilivyooshwa na kuanza kuhesabu vijiko. Sahani hazikumpa wasiwasi, maana sahani haiingii mfukoni. Kijiko kikipungua, msaidizi wa jikoni hatoki uani, awe mkwe, awe mama mchungaji. Na hapo marehemu ndio kwanza kazikwa. Kuna waliomwona hana haya. Alipofariki yeye, mwaka 2019, vijiko vilipungua na hakuna aliyeuliza.

Kwa miaka mingi alikuwa mtunza vyombo wa chama cha akina mama cha kufa na kuzikana, pale Mwanga, Kigoma. Chumba kimoja cha uani kwetu kilikuwa stoo ya chama: masufuria makubwa, majamvi, turubai, masinia, miiko mirefu kama makasia. Kila chombo kilipigwa doa la rangi nyekundu kitakoni, na kila kilichotoka kiliandikwa kwenye kaunta buku. Mwanachama akifiwa, vinatoka bure. Mwenye harusi analipia. Asiye mwanachama hapewi hata mwiko. Hiyo sheria ya mwisho aliitunga Bibi mwenyewe, na wenzake hawakuacha kumkumbusha.

Habari za Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, alizipata Kibirizi, kabla hatujazisikia redioni. Bibi alikuwa mtu wa dagaa. Alfajiri yuko mwaloni na beseni lake akingoja vipe, vyombo vya wavuvi, virudi, kisha anaanika mchangani na kuliangalia wingu kwa jicho la mtu anayedaiwa. Maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini yanaondokea hapohapo Kibirizi, na mabaharia ndio waliokuwa wakileta taarifa. Ilikuwa Mei 2015. Burundi ilikuwa imechafuka tangu mwisho wa Aprili, Rais Pierre Nkurunziza alipopitishwa kugombea muhula wa tatu, na watu walikuwa wakivuka mpaka kwa maelfu. Kagunga ni kijiji kidogo: mbele ziwa, nyuma mlima. Walilala ufukweni, juani na mvuani, wakinywa maji ya ziwa lilelile walilooga. Kipindupindu hakikuchelewa.

Serikali na mashirika wakaipeleka Liemba ikawatoe. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kushushwa majini hapahapa Kigoma mwaka 1915. Imebeba mengi, lakini Kagunga hapakuwa na gati la kuipokea, ikabidi mitumbwi iwapeleke watu mpaka ilikosimama. Walishushwa bandarini Kigoma, wakahifadhiwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawa yanawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Uwanja ule mimi niliujua kwa mpira tu.

Kwa Bibi hawa hawakuwa wageni wa kwanza. Alishawaona wa mwaka 1972, waliopelekwa baadaye Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Akawaona wa 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, na Wakongo wa 1996 waliokuja na mitumbwi usiku. Alirudi kutoka Kibirizi, akaweka beseni chini, hata maji hakunywa.

"Mume wangu, kaniitie wenzangu."

Mimi wakati ule sikuwa na kazi ya maana, yaani nilikuwa mtu wa kutumwa. Nikaenda.

Kikao kilikaa uani. Bibi alitaka masufuria yatoke wawapikie uji wale watoto wa uwanjani. Mwenyekiti akakataa.

"Dada, vyombo ni vya wanachama, umetuimbia wewe wimbo huo miaka yote. Halafu kuna kipindupindu. Kikirudi na sufuria, tutazikana kwa vyombo gani?"

Sitaki kumfanya mwenyekiti mtu mbaya. Hoja yake ilikuwa nzito, na Kigoma inakijua kipindupindu. Hatukukua na wimbo wa kuchemsha maji bure. Bibi hakubishana. Alifungua kaunta buku, akalamba ncha ya kalamu, akaanza kuandika polepole na darasa la nne lake.

"Unaandika nini?"

"Nina msiba."

Uani pakanyamaza. "Kafa nani?"

"Kagunga wamekufa watu. Majina hayajaletwa."

"Ndugu zako?"

"Mimi Muha wa Manyovu. Mrundi akisema namsikia bila mkalimani. Kama mnataka niwapangie ukoo mmoja mmoja, kaeni, chai ipo."

Kuna mmoja aliyeshindwa kujizuia akacheka, na akishacheka mmoja kikao cha akina mama kimeisha. Mwenyekiti akatoa masufuria mawili tu, kwa sharti kwamba yakirudi na kasoro kuna faini.

"Iandike," Bibi akasema.

Walipika usiku ule, uji wa mahindi wenye sukari. Asubuhi tuliupakia kwenye kirikuu, masufuria yamefungwa vitambaa, akina mama wameyashikilia pande zote. Getini tukazuiwa. Chakula kilichopikwa nje hakiingii, kwa sababu ya ugonjwa. Walituambia kwa upole, na kusema kweli walikuwa sahihi. Nilimtazama Bibi nikijua anayo maneno ya kutosha kumtoa mtu kazini. Hakuyatumia. Akamwita muuguzi mmoja aliyekuwa akipita.

"Mwanangu, humo ndani mmepungukiwa nini?"

Muuguzi alifikiri kidogo. "Kanga, Bibi. Wengi wamekuja na ya mwilini tu. Wakiifua hawana ya kujifunga."

Uji tuliwapelekea makuli wa bandarini na vijana wa bodaboda. Hao hawakuuliza umetoka wapi.

Mchana Bibi alifungua sanduku lake. Nilidhani nalijua lile sanduku, kumbe nilijua kufuli lake. Doti za Idi, za harusi za wanawe, nyingine hazijawahi kupasuliwa tangu dukani. Alitafuta mstari wa katikati, akaung'ata pembeni, halafu krrrr, doti ikawa kanga mbili. Hakupinda wala kushona. "Mtu amejifunga shuka lililolowa mvua, atauliza pindo?" Alipasua mpaka nyuzi zikamjaa kwenye midomo, na kila kipande akakiandika. Majirani wakaanza kuleta. Jioni akaja mwenyekiti, uso umekunjika, na doti tatu mpya zenye karatasi ya dukani. Alizitupa juu ya mkeka na kuondoka bila kuaga. Bibi aliziandika mstari wa kwanza wa ukurasa mpya.

Safari hii getini walitupokea. Mafurushi yakaingia, na Bibi akabaki anaongea na mama mmoja aliyekuwa upande wa pili wa uzio, mtoto mgongoni. Nilisogea nikitegemea kusikia habari za vita. Mama yule alitoka Nyanza-Lac, ambako nako michikichi ndiyo inayolisha watu, na walikuwa wanazungumza mawese. Debe linauzwaje kwenu, mnakamua wenyewe au mnauza chikichi kwa kichane, wale madalali wanaopima kwa kidole gumba mnao? Mama yule alikuwa na mengi ya kusema kuhusu madalali. Alipandisha sauti, akapiga makofi, na kwa muda wakaonekana wachuuzi wawili sokoni waliodhulumiwa na mtu mmoja. Dereva wa kirikuu alipiga honi mara nyingi. Bibi alimjibu kwa mkono, bila kugeuka.

Masufuria yalirudi stoo siku iliyofuata. Yalisuguliwa kwa majivu, yakachemshiwa maji, yakaanikwa juani. Lakini moja lilikuwa limeungua chini, doa jeusi upana wa kiganja, na majivu hayakulitoa. Kikao kilipokaa, mwenyekiti aliligeuza akawaonyesha wote. Faini shilingi elfu kumi.

Bibi alifungua fundo la kanga, akahesabu noti na sarafu za dagaa mpaka zikatimia, akadai stakabadhi. Alipoipata aliisoma yote, akaikunja, akaitia fundoni. Kisha akafungua kaunta buku kwenye ukurasa wa mahudhurio.

"Sasa tuje kwa mwenyekiti," akasema. "Kikao saa tisa, umeingia saa tisa na nusu. Faini ya kuchelewa ni elfu mbili."