Siku moja na mlingoti unaolegea: kazi ya nyaya, Kigoma

Saa 12:45 asubuhi

Jua la Kigoma huchelewa. Dar watu wako kazini tayari, hapa ndiyo kwanza ziwa linaanza kupata rangi na mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake. Maji yametulia, na ndiyo sababu ya kuwahi. Nyaya za mlingoti hazipimwi kwenye upepo: boti ikiinama kidogo tu, ubavu mmoja utauona umekaza na wa pili umelegea, ukaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Boti ya leo ni ya faiba, futi 26, ya miaka ya 1970. Mlingoti wa alumini umesimama juu ya sitaha, haupiti ndani. Unashikwa na nyaya nane za stenlesi za milimita 5: mmoja mbele, mmoja nyuma, na tatu kila ubavu, yaani mmoja mrefu unaofika kileleni kupitia ncha ya mkono wa mlingoti (fito inayotoka ubavuni mwa mlingoti kuusukuma waya nje), na mbili fupi za chini.

Malalamiko ya mwenye boti: ikipiga bisha, yaani ikienda kinyume cha upepo, nyaya za upande wa demani (ule usiopigwa na upepo) zinaning'inia. Amezikaza mwezi uliopita, akazikaza tena wiki iliyopita. Waya wa nyuzi 19 haulegei hivyo. Ukishajinyoosha siku za mwanzo ukiwa mpya, basi. Ukiona unadai kukazwa kila mwezi, kuna kitu kinazama au kinang'oka, na kuzungusha kikazio (parafujo ya kukazia waya) ni kukisaidia kuzama.

Saa 1:15

Spana zinabaki kwenye boksi. Tunaanza ndani, na kitu cha kwanza ni mlango wa choo. Boti za umri huu mara nyingi zina mlango karibu kabisa na nguzo inayobeba mlingoti kutoka chini, kwa hiyo sitaha ikishuka, fremu inapinda na mlango unakwama. Huu unakwaruza juu, upande wa nguzo. Mwenye boti alikwisha kuupiga randa mara mbili.

Juu ya sitaha, rula ndefu ikilazwa kukatiza mguu wa mlingoti inaacha mwanga katikati. Sitaha imebonyea. Sasa swali ni nani kati ya watatu ameshindwa: boriti iliyo chini ya sitaha, nguzo yenyewe, au kibao ambacho nguzo imekikanyaga kule chini kwenye ngama, tumboni mwa boti maji yanakotuama. Boriti ikigongwa kwa mpini wa bisibisi inatoa mlio mkavu. Nguzo ni bomba la chuma, halina neno. Kibao kikichomwa kwa ncha ya bisibisi, inaingia sentimita mbili bila kusukumwa.

Wanaosoma vitabu vya pwani hupotea hapa. Baharini chumvi hula chuma, lakini mbao huihifadhi kwa kiasi fulani. Ziwa Tanganyika ni maji yasiyo na chumvi: stenlesi inadumu zaidi, ila mbao iliyolowa bila hewa inaoza haraka. Kwenye boti kuu kuu ya ziwani, anza na mbao.

Saa 3

Hata hivyo nyaya hazisamehewi. Anayepanda mlingoti anafunga kiti kwenye henza, kamba ya kupandishia tanga, kwa fundo, si kwa pingu ya chuma, na kamba ya pili inayoshikwa na mtu mwingine. Mkononi ana kitambaa, sabuni, kioo cha kukuzia na pamba.

Pamba inapitishwa kwenye waya wote kutoka juu hadi chini. Ikinasa, uzi mmoja umekatika. Usitumie vidole, uzi wa stenlesi unachana kama wembe. Uzi mmoja ukikatika kati ya 19, waya wote unabadilishwa. Ni dalili kwamba wenzake 18 wamechoka vilevile.

Vichwa vya nyaya, vilivyobanwa kwa mashine, ndivyo vinavyotaka muda. Vile vya chini ni vibaya zaidi kwa sababu mdomo wao umetazama juu, mvua inashuka na waya na kutuama ndani. Stenlesi inahitaji hewa ili ijilinde. Ikinyimwa, inaliwa kutokea ndani. Osha, ng'arisha, kisha tafuta ufa wa kwenda urefu, mwembamba kama unywele. Kichwa kilichopinda kama ndizi hakirudi kazini hata kama hakina ufa. Leo vyote vizima, ila kimoja kina mstari wa kutu mdomoni. Tunakiandika ili kitazamwe tena.

Mkono wa kushoto umeshuka. Mkono wa mlingoti unatakiwa kuugawa waya pembe mbili sawa, juu na chini. Ukilala, waya utausukuma zaidi siku ya upepo mpaka mlingoti uvunjike. Unainuliwa na waya unafungwa kwa uzi wa chuma penye ncha.

Neno kuhusu waya wa akiba. Ule unaopatikana kirahisi madukani ni wa winchi, laini, wa nyuzi nyingi nyembamba. Usiufunge hapa. Unavutika sana, na vipimo nitakavyotaja hapa chini havitaufaa.

Saa 4:30

Kutoa kibao. Vikazio vyote vinalegezwa, lakini hakuna pini inayotolewa hata moja, na henza mbili zinafungwa mbele na ubavuni kama walinzi. Jeki ya gari ya tani 2 inasimama kando ya nguzo, ubao mnene chini yake na mwingine juu, maana jeki ikigusa faiba moja kwa moja itaitoboa. Inapandishwa milimita moja moja. Nguzo ikianza kucheza, inatosha.

Kibao cha zamani kwenye ukingo ambao haukubanwa kina milimita 60. Chini ya nguzo kimebaki na 52. Milimita 8 zinaonekana kama mchezo, mpaka upige hesabu. Waya wa aina hii ukivutika milimita 1 katika kila mita 2, umebeba asilimia 5 ya nguvu inayoukata. Waya mrefu hapa una mita 8. Ukikazwa asilimia 15 inavyopaswa, umevutika milimita 12. Mlingoti ukizama 8, zinabaki 4, yaani asilimia 5. Hapo ndipo uning'iniaji unapotoka.

Kibao kipya ni mninga, milimita 150 kwa 150 kwa 60, kilichopakwa epoksi mara tatu siku zilizotangulia, hasa kwenye ncha za nyuzi za mbao ambako maji hupenya. Chini kimechongwa mfereji ili maji ya ngama yapite. Juu yake bamba la stenlesi la milimita 3, ili nguzo isikikate. Urefu huo unaongezwa kwa makusudi, boriti imejikunja kidogo kwa miaka. Hakigundishwi. Skrubu mbili pembeni, ili siku nyingine kitoke bila tindo.

Saa 8 mchana

Ugali wa muhogo na migebuka.

Saa 8:30

Meno ya vikazio yanasafishwa kwa brashi na kupakwa grisi nzito. Stenlesi juu ya stenlesi ikiwa kavu inang'atana, na ikishang'atana ni msumeno tu. Grisi ina heshima yake ziwa hili: Wajerumani walipoizamisha meli yao Goetzen mwaka 1916 waliipaka injini grisi kwanza, ikainuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwanza kuuweka mlingoti katikati: henza kuu inashushwa na futi mpaka bamba linaloshika waya ubavu wa kulia, kisha la kushoto, vipimo vilingane. Halafu nyaya ndefu zinakazwa kwa mkono hadi zinyooke tu. Rula ya alumini ya mita 2 inafungwa kwa tepu kwenye waya upande wa juu; chini, ncha yake igusane na kichwa cha waya. Sasa spana, mizunguko miwili kulia, miwili kushoto, mpaka pengo kati ya rula na kichwa lifike milimita 3 kwa venia (kipimio cha milimita), yaani asilimia 15. Vikazio hivi ni vya M8, mzunguko mmoja unafupisha milimita 2.5, kwa hiyo mitano hivi inatosha. Ikifika minane na pengo bado, simama: kuna kitu kinazama tena.

Nyaya fupi za mbele zinafuata, kisha za nyuma kwa nguvu pungufu kuliko hizo. Ukifunga jicho moja na kutazama juu kwenye mfereji wa tanga (ule wa mlingoti ambamo tanga hupanda), katikati ya mlingoti kusogee mbele kidogo. Kukirudi nyuma ni hatari. Waya wa nyuma unamalizia, asilimia 15.

Saa 10

Upepo umeamka. Nje ya ghuba boti inalala kama digrii 20. Nyaya za demani zimepungua nguvu, lakini hazichezi. Jicho kwenye mfereji tena: kilele kikiangukia demani, nyaya ndefu zimelegea, tumbo likitoka demani, ni zile fupi. Leo ni tumbo. Tunakaza waya mfupi wa demani nusu mzunguko, tunageuza boti, tunakaza mwenzake vilevile. Usikaze wa upande wa joshi, unakotoka upepo, ukiwa na mzigo, utakula meno.

Saa 12 jioni

Spliti pini mpya kila mahali, miguu ikifunguliwa digrii 20 tu kila mmoja. Ukiikunja kabisa, kuitoa itakuwa vita. Tepu juu yake ili tanga lisichanike, lakini kikazio chenyewe kinabaki wazi kipate hewa. Idadi ya meno yanayoonekana kwenye kila kikazio inaandikwa kwenye daftari la boti.

Mwenye boti anashuka ndani, anauvuta mlango wa choo. Unafungwa, na juu umebaki upenyo wa kidole, kwa sababu ya randa.

"Sasa huu, fundi?"

Huo ni wa seremala, mzee.