Mchezo wa Sahani

Mwaka 2008 nilikuwa mgeni San Francisco, na aliyenifundisha kupanda tramu ni mpwa wangu wa miaka saba. Mama yake alikuwa anakwenda kazini, akatuagiza tupande tramu ya N Judah pale kituo cha Montgomery, chini ya ardhi, tushuke mwisho wa njia, ufukweni. "Mtoto anaijua njia," akasema. Mkubwa hapo, eti, nilikuwa mimi.

Tulipoingia nikaelekea kwenye kiti. Akanivuta shati. "Sio hapo, Anko. Twende kwenye sahani."

Sahani ilikuwa katikati ya behewa. Lile behewa lina urefu wa karibu mita 23, na lingekuwa kipande kimoja lisingekata kona za mitaani bila kukwangua magari yaliyoegeshwa. Ndiyo maana limegawanywa nusu mbili, na pale zinapoungana kuna magurudumu yanayozibeba zote mbili. Ubavuni kumezibwa na mpira mweusi wa mikunjo-mikunjo, kama mvukuto wa mhunzi. Sakafuni kuna bamba la mviringo. Masharti ya mchezo: simama pale, usishike kitu. Mguu mmoja ndani na mwingine nje, pointi mbili.

Tulipotokeza juu, pale Duboce, nikasogea mlangoni kuchungulia jua. Mtoto akanidaka mkono. Sakafu niliyokuwa naikanyagia ikazama, ikageuka ngazi! Kumbe kule chini jukwaa liko sawa na sakafu ya behewa, lakini huku juu watu wanapandia barabarani. "Ungeanguka," akaniambia, kwa sauti ya mama yake kabisa.

Katika Sunset Tunnel, handaki la mwaka 1928, nilisimama imara nikaanza kujisifu. Mapema mno.

Kutoka mtaa wa Irving tramu ilikata kushoto kuingia mtaa wa 9th Avenue. Mguu wangu wa mbele ukaenda nayo, wa nyuma ukabaki Irving. Mvukuto ukajibana upande mmoja, ukatanuka upande wa pili, na abiria wa mbele wakapotea machoni pangu kana kwamba wamo kwenye gari jingine. Sijajiweka sawa, ikakata kulia kuingia mtaa wa Judah. Nikatua mapajani mwa mzee mmoja mwenye mfuko wa machungwa. Machungwa yakabingirika chini ya viti, mzee akacheka mpaka akakohoa, nami nikapiga magoti kuyaokota.

Judah yote mpaka baharini imenyooka, kwa hiyo sikupata nafasi ya kulipiza.

"Nina pointi ngapi?"

"Sifuri. Ukigusa mtu, sifuri."

Jioni nilikaa kwenye kiti na kumhesabia yeye. Alifika kumi na moja, kisha akaja kuegemea ubavuni kwangu. Tulipokaribia Montgomery alikuwa amelala fofofo. Mlango usiozibwa na watu ulikuwa kwenye nusu ya pili ya behewa, basi nikambeba, nikavuka sahani polepole, mkono mmoja nimeshika bomba.