Chifu na baridi la Mafinga

Julai 2015 ndo nilimpoteza Chifu, kobe wangu, na mpaka leo nikisikia harufu ya maranda ya mpaini moyo unashtuka. Mjomba aliniletea toka Pawaga, kule kwenye joto na mashamba ya mpunga, akiwa saizi ya sahani, gamba la njano lenye mabaka meusi. Sasa Mafinga wenyeji mnaijua, Juni na Julai maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole.

Juni ilivyoingia akaacha kula. Hata majani ya maboga aliyokuwa akigombania na kuku akawa anayatazama tu. Nikaingia Google nikasoma kobe hulala msimu wote wa baridi, unamweka kwenye boksi sehemu yenye giza na ubaridi unamwacha, basi nikafurahi kweli, nikajua kumbe anataka kulala. Nikaomba maranda kiroba kizima kwa mafundi seremala, nikamlaza stoo.

Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, huyo anaumwa, mlete huku jikoni aote moto." Nikamjibu hapana bibi, akipata joto ataamka. Akanyamaza, akaendelea kuchochea kuni.

Siku kama ya nne nikasikia kafilimbi kadogo toka kwenye boksi, fyuu, fyuu, nikajua ndo anakoroma. Nikafunga mlango taratibu nisimsumbue.

Wiki ya tatu nikafunua. Macho yameingia ndani, puani makamasi yamekauka yakashika na vumbi la maranda, shingo imelegea.

Nikambeba mpaka kwa bwana mifugo wa mtaani, yule baba hakunigombeza. Akasema wanaolala hivyo ni kobe wa nchi kama za Ulaya, na hao nao wanaofugwa huachishwa kula wiki kadhaa kwanza tumbo liishe chakula. Huyu wa kwetu hana usingizi huo, mwili wake hautengenezi joto, analipata kwenye jua, akikaa kwenye baridi na unyevu chakula kinamwozea tumboni na mapafu yanajaa. Ile filimbi ilikuwa pumzi inatafuta njia.

Jioni nikarudi stoo kutoa boksi. Maranda yote yalikuwa yamesukumwa upande mmoja, na upande ule mwingine, alikokuwa amejibana, kuna michirizi ya kucha kwenye karatasi mpaka imechanika. Ni upande wa ukuta wa jiko la bibi.