Koini zinakufa Septemba

Kila ikifika mwezi wa tisa gemu jipya la mpira la kampuni ya EA linatoka na koini zako zote za Ultimate Team, ile sehemu ya kujenga timu yako kwa kadi za wachezaji, zinabaki kulekule kwenye la zamani. FC 24 ilitoka tarehe 29 Septemba 2023, FC 25 ikaja tarehe 27 Septemba 2024, na kila mara ni hivohivo, uwe na koini milioni nne au mia nne wote mnaanza upya. Kila mtu anayecheza analijua hili ila sioni watu wakilitumia kwenye matumizi yao, na mi siku hizi nimelifikiria sana mpaka nikaona ndo msingi wa mambo yote. Tumekuzwa tunaambiwa akiba haiozi, ila hii akiba inaoza tena kwa tarehe inayojulikana. Kwa hiyo mtu anayekaa na koini milioni moja mwezi wa nane akijiona tajiri, kiukweli kajinyima tu, na yule anayezimaliza zote Oktoba kwenye paki, yale mafurushi ya kadi za kubahatisha, naye hana timu. Kipimo changu saivi ni kimoja tu, hizi koini nikizitoa zitanipa mechi ngapi nzuri kabla Septemba haijafika.

Aliyenifanya nikae niandike ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kwetu likizo hii ya mwezi wa sita na tumempa pad ya pili. Anacheza vizuri jamani, tena anajua kupiga pasi za nyuma ya difenda kuliko mimi, lakini akishika koini mkononi zinamuwasha. Juzi alikuwa na koini kama elfu tisa hivi akaniambia, anko, si tufungue paki tu, inaweza toka Mbappé. Nikamuuliza unajua asilimia yake? Hajui. Nikamfungulia pale kwenye maelezo ya paki, maana tangu FIFA 19, gemu hilihili kabla halijaitwa FC, wanaweka uwezekano wa kila aina ya kadi, na kwa zile kadi anazoziota yeye imeandikwa chini ya asilimia 1, haijaandikwa hata ni chini kiasi gani, inaweza kuwa nusu, inaweza kuwa sehemu ndogo kabisa. Akasoma mara mbili afu akasema sawa anko lakini wengine wanapata. Ni kweli wanapata, na ukiingia YouTube unawaona hao waliopata tu.

Premium Gold Pack kwa miaka mingi imekuwa koini 7,500, ndani kuna vitu 12 na vitatu ndo rare, yaani adimu. Tukaamua tufanye hivi, kabla hajabonyeza tukaingia sokoni, pale ndani ya gemu watu wanapouziana kadi, tukaweka kwenye utafutaji bei ya juu 7,500, nafasi beki wa kulia, maana beki wake wa kulia alikuwa anakimbizwa na kila winga anayekuja upande ule. Zikashuka kadi kibao! Mabeki wenye spidi zaidi ya 85, wengine bei haifiki hata 2,000. Akanyamaza kidogo. Akachagua mmoja, akapandisha akacheza naye mechi, na zile koini zilizobaki akasema anatafutia straika. Mwenyewe akaandika jina la Barbra Banda, yule Mzambia wa Orlando Pride, sababu kamuona akichezea Zambia na ananiambia anko huyu dada anakimbia kweli. Wanawake waliingia Ultimate Team kuanzia FC 24 na hapo kuna bei nzuri nyingi sana watu wanazipita, unakuta kadi ina takwimu zilezile za mwanaume anayeuzwa ghali ila ligi yake haina mashabiki wengi kwa hiyo bei imelala. Tukamwekea alama ya kumfuatilia bei yake.

Kuhusu paki nitasema wazi maana ni jambo linaloniuma. Paki ni mkeka. Unaweka hela, unasubiri, moyo unadunda, taa zinawaka, na mara nyingi unaondoka na kitu ambacho usingekinunua. Na sio mimi tu ninayesema, Ubelgiji tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka mwaka 2018 kwamba paki za kununua kwa hela halisi ni kamari, na kuanzia Januari 2019 EA ikaacha kuuza Points kule, yaani pointi za kununulia paki ambazo unazilipia kwa hela halisi, ukiwa Ubelgiji unafungua paki kwa koini ulizozicheza tu. Uholanzi nako EA walipigwa faini ya yuro milioni 10 ila mahakama ya juu ikaifuta Machi 2022, ikasema paki ni sehemu ya gemu lenyewe ambalo ni la ujuzi. Kwa hiyo kisheria mjadala una pande mbili. Lakini kwa mtoto wa miaka kumi na kitu anayeishi nyumbani kwangu mi upande wangu nimeshauchagua, Points kwa hela ya simu hapana, koini za jasho lake azifanye anavotaka ila kwanza aangalie sokoni. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ilitangaza kwamba Ultimate Team kwenye magemu yake yote ya michezo iliingiza dola bilioni 1.62. Hela yote hiyo imetoka kwa watu waliokuwa wanasubiri taa ziwake.

Kitu cha pili ambacho nataka watu wakielewe ni makato. Ukiuza kadi sokoni gemu linakata asilimia 5. Inaonekana ndogo sana. Sasa chukua kadi umeinunua 10,000, bei ikapanda ukaiuza 10,500, unajiona umelangua vizuri, lakini wamekata 525 umepokea 9,975, umepata hasara ya koini 25. Na juu ya elfu kumi bei zinaruka kwa 250, kwa hiyo faida inaanzia 10,750. Kwa kadi kubwa ndo inauma zaidi, ya 200,000 ukiiuza kwa bei ileile uliyonunulia umeacha elfu kumi mezani. Nina rafiki yangu anabadilisha timu kila Ijumaa, leo ana straika huyu kesho yule, na anashangaa koini zinaishia wapi wakati anashinda mechi na zawadi anapata! Zinaishia hapo kwenye asilimia 5, mara kumi na moja uwanjani, kila wiki. Mchezaji ukimnunua kaa naye. Mzoee. Mguu wake wa kushoto ukoje, anageuka vipi akiwa na mtu mgongoni, hayo unayajua ukishacheza naye mechi nyingi, na mechi nyingi ndo hicho kipimo nilichosema.

Halafu kuna muda. Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna faida ambayo sijaona mtu akiiongelea. Mambo mapya ya Ultimate Team, promo za kadi maalum, SBC ambazo unatoa kikosi cha kadi zako upewe zawadi, vyote vinatoka saa kumi na mbili jioni ya London, ambayo kwetu kipindi hiki ni saa mbili usiku na ikifika baridi yao inakuwa saa tatu usiku. Dakika zile SBC ikitoka inayotaka kikosi chenye kiwango cha 84 au 85 kila mtu duniani anazikimbilia kadi za kutupia humo, bei zinapanda mbele ya macho yako, kadi ambayo mchana ilikuwa imekaa tu inapata wanunuzi kumi. Ule sio muda wa kununua. Ule ni muda wa kuuza kadi zako za 84 ambazo uliziweka pembeni, na SBC yenyewe ukiitaka subiri kesho yake au ifanye kwa zile zisizouzika. Ila utamu wenyewe uko asubuhi. Mtu wa London akiweka mnada wa masaa sita saa nne usiku kabla hajalala, unaisha kwetu saa kumi na mbili asubuhi, na Ulaya nzima bado iko kitandani. Mi naamka muda huo kujiandaa na kazi, maji ya chai yakiwa jikoni naangalia kwenye programu ya simu minada inayokaribia kuisha, naweka bei yangu ya juu kabisa kwa wachezaji ninaowataka na siongezi hata hatua moja. Wengi nawakosa. Mmoja mmoja ananiangukia, na yule anayeniangukia huwa yuko chini ya bei ya kununua papo hapo.

Alhamisi nayo ina mambo yake, zawadi za Division Rivals, zile mechi za madaraja za mtandaoni, zinatoka, watu wanafungua paki za bure na kurusha kadi sokoni, bei zinalala. Ijumaa na Jumamosi watu wanajiandaa na Champions, mashindano ya wikiendi, wanataka timu kali, bei zinanyanyuka. Januari ndo kubwa kuliko zote, Team of the Year, kadi kali za kikosi bora cha mwaka, inakuja na kabla haijafika watu wanauza timu zao kwa woga, halafu paki zinafunguliwa kwa wingi mno na soko linafurika. Anayenunua muda watu wanauza kwa woga anakaa na timu nzuri kwa bei ya kawaida, hamna uchawi hapo, ni kukaa na koini zako mkononi wiki mbili wakati wengine wote wana mchecheto. Ni ngumu. Nakiri kwamba kukaa bila kununua ndo sehemu ngumu kuliko kufunga penati dakika ya 90, sababu gemu lote limetengenezwa likuwashe ununue leo.

Kuhusu kemistri, yaani pointi za wachezaji kuendana kwa klabu, ligi au nchi, sina mengi, tangu FIFA 23 mchezaji mwisho wake 3 na timu 33, na asiye na kemistri hapunguzwi takwimu zake za kawaida, kwa hiyo usilipe mara mbili eti sababu ya pointi moja. Kadi za stail ya kemistri kama Hunter na Shadow, ambazo unamvalisha mchezaji zimuongezee takwimu fulani, zina bei yake sokoni, kuna wakati unakuta mchezaji anauzwa na Hunter tayari kavalishwa kwa bei ileile ya asiyevalishwa, angalia kabla hujanunua. Na Evolutions zilizokuja na FC 24 ni nzuri mno kwa mtu mwenye koini chache, unachukua mchezaji unayempenda hata kama ni wa kawaida unampandisha polepole kwa kucheza, ukishamuingiza hauziki tena lakini we ulikuwa unataka kumuuza wa nini.

Saivi tuko Juni, Team of the Season, kadi za vikosi bora vya msimu, zimeshamwagika, kadi ambazo Oktoba zilikuwa ndoto ya kila mtu zinauzwa bei ya kutupa. Ndo muda wenyewe wa kufungua mkono. Nimeshawaambia na wenzangu wa kijiweni, kama kuna mchezaji umemtamani mwaka mzima, yule uliyekuwa unamtazama sokoni unafunga simu, mchukue sasa hivi maana bado kuna miezi mitatu ya kucheza naye, ukisubiri Agosti ashuke zaidi utampata kwa bei poa na utacheza naye wiki chache tu. Mi nina orodha ya watu watatu. Wa kwanza ni kiungo mkabaji, maana katikati yangu panavuja na hapo ndo mechi zangu nyingi zinapotea, huyo namwekea mnada kesho alfajiri. Wawili waliobaki ni mastraika na mpwa wangu kashasema mmoja wao lazima awe Banda, bei imeshuka tena jana, na akitaka kadi yake kali kuliko ile ya kawaida inabidi auze winga wake wa sasa kwanza. Nimemwambia apige hesabu ya asilimia 5 mwenyewe kwenye karatasi kabla hajaniletea.