Paramesiamu na kimelea cha malaria wanatumia mtambo mmoja

Kuna kiumbe cha seli moja anaitwa Paramesiamu, anaishi kwenye maji ya madimbwi, na mi kila nikisoma habari zake nazidi kumpenda. Chini ya utando wake amepanga vifuko kama elfu moja hivi, vinaitwa trikosisti, vimeshajazwa protini na vimeshasogezwa mpaka ukingoni kabisa, kazi iliyobaki ni kufunguka tu. Akija adui kama Dileptasi, ambaye nae ni wa seli moja, akamgusa, vifuko vya pale pale palipoguswa vinafyatuka na kurusha visindano nje, vya upande mwingine havijali. Paramesiamu anapata nafasi ya kukimbia. Wale wenye kasoro ya kushindwa kufyatua wanaliwa kirahisi zaidi, hilo limepimwa.

Sasa angalia spidi yake. Maabara wakimchochea afyatue vyote kwa pamoja, utando unafunguka kote ndani ya milisekunde 80 hivi. Trikosisti ikiwa ndani ina urefu wa maikromita 3 au 4, ikitoka inarefuka karibu mara 8, na kurefuka huko hakuhitaji ATP (ile nishati ya seli) hata kidogo, maana zile protini zilipakiwa zikiwa zimebanwa kama springi. Kalsiamu ndo inaamua kila kitu hapa: ya kwanza inatoka kwenye vihifadhio vilivyo chini ya utando na kuamuru kifuko kiungane na utando, tundu likishafunguka kalsiamu ya kwenye maji inaingia, inazigusa protini, zinaachia. Seli haifi wala haimwagiki. Inavuta ndani utando wa kifuko kilichobaki kitupu, inaanza kutengeneza vingine.

Ila kilichonifanya niandike ni hiki. Miaka ya 1970 watafiti Ufaransa walikusanya Paramesiamu wenye kasoro, vifuko vinatengenezwa vizuri, vinafika mahali pake, lakini havifyatuki, na jeni zilizohusika zikaitwa nd (kifupi cha Kiingereza non-discharge, yaani kutofyatuka), kuna nd6, nd9 na wenzake. Wengi wa walioshindwa kufyatua walikosa pia kile kiduara cha chembe za protini kinachokaa kwenye utando juu ya kila kifuko. Basi mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba Toksoplazma, kimelea kingine cha seli moja, na kimelea cha malaria pia, wana protini za Nd hizo hizo, zinazotengenezwa na jeni za nd, na wanazitumia kufungua roptri, vifuko vya kuvamia seli! Toksoplazma ukimwondolea Nd9 roptri zake zipo, zimejaa, ila hazimwagi kitu na kimelea hawezi kuingia ndani ya seli.

Aisee, fikiria hiyo! Paramesiamu hana ugomvi na mtu yeyote, anajihami tu dimbwini, ila yeye na hao vimelea ni ukoo mmoja wa Alveolata na babu yao aliwaachia mtambo uleule. Kilichobadilika ni mzigo na mahali unapomwagwa, mmoja anarusha sindano majini, mwingine anapenyeza protini zake ndani ya seli ya mwenyeji. Hata kalsiamu haijaachwa, kwenye Toksoplazma inaamuru vifuko vingine viitwavyo mikronemi vitoe protini za kujishikiza kwenye seli, na hizo zisipotoka uvamizi unakwama kabla roptri hazijafikiwa.