Kokwa za Tende kwenye Sinia

Baba alitaka tukalale mashuani Takwa, kwenye mikoko ya kisiwa cha Manda. Mimi nilitaka Lamu mjini, na sababu yangu sikuweza kuitamka mbele yake: dawa yake ya sukari inataka ubaridi, na barafu iko mjini.

Ilikuwa Desemba 2018, nyumbani kwetu South C, Nairobi, siku tatu kabla ya kupanda basi. Mashua ya kukodi tulishapata. Kilichobaki ni pa kutia nanga usiku wa kwanza, na neno hilo moja lilikula jioni nzima.

"Pale mjini utalala au utakesha?" Baba aliuliza. Boti za Mokowe na za uwanja wa ndege wa Manda hupita kutwa, kila moja na mawimbi yake, na vyombo vimebanana hadi kamba ya huyu imelalia nanga ya yule. Takwa ni mikoko na kimya. Aliwahi kulala huko ujanani, enzi za kupakia boriti, na alipokitaja kimya kile sauti yake ilishuka. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Mjomba, aliyekuwa nahodha mpaka mgongo ulipomshinda, alikuwa akinywa kahawa tu. Hatimaye akavuta sinia la bati, akamimina maji kidogo, akatia kokwa za tende alizokwisha kula. Nyingi akazirundika upande mmoja: mjini. Moja akaiweka peke yake, karibu na ukingo.

"Hii ni wewe, Takwa," akamwambia Baba. Kisha akaliinua sinia upande ule, taratibu. Maji yakahama. Kokwa ikabaki kwenye bati, imekauka nusu. "Mkono ule wa bahari unaingilika maji yakijaa tu. Ukizidiwa saa nane za usiku, shemeji, na maji yamepwa, tutakutoa na nini?"

Hakutaja ugonjwa. Naamini mpaka leo kwamba angeanza na sukari, Baba angenyanyuka akaenda kulala.

Akaliweka sinia chini, akachukua kokwa nyingine, akaisogeza mbali kidogo na lile rundo. Shela, kijiji cha kisiwa hicho hicho cha Lamu. Mwezi ule ni kaskazi, Manda inakinga upepo, na ukichagua mahali pazuri chombo kinaelea hata maji yakipwa. Mji uko kama kilomita 3 tu; boti ikikosekana, utatembea ufukweni.

Baba alikaa kimya muda mrefu, macho kwenye sinia.

"Na barafu ya dawa yangu?"

Nilishtuka. Kumbe alikuwa akiiwaza muda wote.

"Asubuhi naifuata mjini mwenyewe," nikasema.

Akaiokota ile kokwa iliyokwama, akaipangusa maji kwa kidole gumba, akaiweka kando ya kikombe chake.

"Basi Takwa tutaenda mchana," akasema. "Maji yakijaa."