Niliambiwa ninunue koili nne, nikanunua moja

Toyota IST yangu ilianza kumisi (injini kukatakata) kwenye foleni ya Ubungo, siku moja baada ya kuoshwa injini kwa maji ya presha. Ikisimama inatetemeka kama bajaji, ukikanyaga mafuta haivuti, na taa ya injini inapepesa. Taa hiyo ikipepesa, egesha gari. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuharibu masega yanayosafisha moshi, na masega yana bei kuliko koili zote nne, zile zinazopeleka umeme mkali kwenye plagi. Hilo nililijua baadaye. Siku ile niliendesha hivyo hivyo hadi kazini.

Fundi wa kwanza alisikiliza mlio tu. "Bosi, koili hizo. Tubadili zote nne, ukibadili moja kesho inakufa nyingine." Koili nne za 85,000, ufundi 40,000: laki tatu na themanini. Nikamwambia naenda kujipanga.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, dereva teksi wa zamani. "Washa gari, mwanangu, kisha chomoa soketi za waya moja moja. Koili yenyewe usiiguse, itakurusha." Ukichomoa soketi ya koili nzima, injini inazidi kutetemeka. Ukichomoa ya koili mbovu, hali inabaki vile vile. Ya pili kutoka upande wa mikanda haikubadilisha kitu. Nikataka kukimbilia dukani, mzee akanizuia: huenda ni plagi, huenda ni noza ya mafuta. Tukazima, tukashika spana namba 10 (kila koili ina boliti moja tu), ya pili tukaihamishia shimo la tatu, na ya tatu ikaja la pili. Mpira wa ile ya pili ulikuwa umepasuka, na shimo lake bado lina maji ya juzi. Tukalikausha kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi. Kuwasha tena, ugonjwa umehamia la tatu. Basi, ni koili.

Gerezani, kwenye maduka ya spea, nilienda nayo mkononi, maana koili za Toyota zinafanana mno kwa macho. Yangu ni 90919-02240. Ya mtumba 30,000, mpya 70,000 baada ya kubishana sana. Mtumba iliyovuliwa kwenye injini yenye umri kama wa kwangu sikuona faida yake. Nikachukua mpya, na plagi nne za 10,000 kila moja, kwa kuwa mwanya wa zile za zamani ulikuwa umetanuka, na mwanya ukitanuka koili inalazimika kusukuma umeme mkubwa zaidi hadi inachoka. Mzee alikataa malipo, ila 10,000 ya soda akaipokea. Jumla 120,000.

Huu ni mwezi wa nane tangu hapo, gari haijamisi. Fundi wa kwanza hakukosea kabisa, kwani mpira wa koili ya nne nao umeanza kuchanika. Nimeshatenga 70,000 yake, na kijana wa kuosha magari nimemwambia maji ya presha yaishie kwenye matairi.